Kazi ya Kutembea Mwisho

Mnanijia wawili wawili, mnakaa kwenye benchi langu hapa Buger, mnakunywa chai yangu mpaka majani ya chini, halafu swali ni lile lile: "Mzee Bura, kileleni kukoje?" Kileleni, kileleni! Utafikiri mlima hauna mahali pengine. Nimefanya kazi Kilimanjaro miaka ishirini na sita, na nawaambia ukweli mapema msije mkadai nimewadanganya: kileleni sikujui vizuri. Nimefika, ndiyo, lakini mara za kuhesabu kwa vidole. Anayekujua kileleni ni mtu wa mbele. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma.

Sikilizeni, maana hili hamfundishwi huko mnakosomea utalii. Kila msafara una kiongozi mkuu, naye hutangulia. Ana wasaidizi wake, wanajipanga katikati na wageni. Msaidizi mmoja hutembea mwisho kabisa, nyuma ya mgeni anayejikokota kuliko wote. Huyo kazi yake ni moja: mgeni akiugua au akiishiwa nguvu, anageuka naye, wanashuka wawili, na wengine wanaendelea juu. Ndiyo kazi niliyofanya. Mlimani waliniita Mkia. "Mkia, njoo chai!" "Mkia, umelala huko?" Jina langu la ubatizo hata mpishi hakulijua.

Chai yenyewe nilikuta imepoa kila siku. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakusema anafika uji umeshaganda.

Vijana wenzangu wa Karatu wote walikimbilia magari. Walianza kuosha Landrova za wageni, wakajifunza udereva, leo wanashuka kreta ya Ngorongoro na miwani ya jua. Mimi usukani niliuogopa, mnicheke tu. Nikapanda basi hadi Moshi nikaenda kusimama getini mlimani na wengine wanaotafuta mzigo. Nilikuwa Mwiraqw peke yangu, na kule watu wa kwetu wanaitwa Wambulu. Wenzangu jioni wakikusanyika kwenye hema la jiko wanaongea Kichaga chao, wanacheka mpaka machozi, mimi nacheka pia, mwishoni, wakishamaliza, nisionekane nina kiburi. Miaka miwili nilicheka vitu nisivyovijua.

Aliyenichukua alikuwa Mzee Aminieli, kiongozi mkuu, mtu wa Marangu, mkali kama pilipili ya shambani. Siku yangu ya kwanza kupewa chupa za maji za wageni nilizipanga kwenye begi vizuri, zimesimama wima, nikajisifu moyoni. Huko juu maji yanaanza kuganda kwa juu, pale penye kifuniko. Kwa hiyo tulipofika kwenye baridi kali, wageni saba walikuwa na maji kwenye chupa na hakuna hata mmoja aliyeweza kuyanywa. Mzee Aminieli hakunifokea. Alichukua chupa moja, akaivalisha soksi, akaigeuza kichwa chini, akaniambia, "Mbulu, barafu ina akili kuliko wewe. Igeuze chupa, barafu igande kwenye kitako, mdomo ubaki wazi." Andikeni hilo. Na betri za tochi mlale nazo ndani ya soksi mlizovaa. Na kucha za miguu mzikate kabla ya safari, si mkiwa safarini.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mnajua sisi watu wa huku tukiulizwa njia tunachongoa midomo na kusema "hapo paleee", na kadiri tunavyovuta sauti ndivyo mahali palivyo mbali, lakini mgeni hajui kupima mvuto huo. Nilikuwa na mgeni mmoja mnene, mtu mwema, kila akiniuliza kama tumefika namwambia bado kidogo. Mara ya saba aliketi kwenye jiwe akalia. Mtu mzima, ndevu zake, analia. Hakuwa amechoka kuliko wengine. Nilikuwa nimemvunja mimi kwa kumpa matumaini na kumnyang'anya. Mzee Aminieli akaniambia usimpe mtu mlima, mpe jiwe. Mwonyeshe jiwe moja, mwambie tunakwenda mpaka pale. Mkifika, mwonyeshe lingine. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu bado kidogo, hata marehemu mke wangu alipokuwa hospitali akiniuliza ataruhusiwa lini.

Siku hizi mambo yamebadilika, sikatai. Mizigo inapimwa getini kwa mizani, hakuna tena kubebeshwa kama punda. Kuna kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu. Simu zinashika mpaka juu, mtu anampigia mama yake akiwa kwenye kibao cha kileleni. Barafu nayo imesogea. Ukuta wa barafu niliokuwa nikiupita kwa kuunyoshea mkono, nilipoacha kazi ilibidi nitembee kidogo kuufuata. Lakini kidude hakiamui. Anayeamua ni mtu wa nyuma, na anaamua kwa macho.

Tazameni miguu kwanza. Mwambie mgeni atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino cha mbele kikigusa vidole vya nyuma, kama fundi anayepima kiwanja kwa futi. Akiyumba, shaka. Halafu tazameni tabia. Mkimya akianza kuimba, shaka. Mwenye maringo akianza kukumbatia watu, shaka. Mtu akisahau jambo alilolipanga mwenyewe na kulishikilia siku zote, huyo kichwa kimeanza kulegea, mgeuzeni. Msibishane. Semeni neno moja, "Tunageuka", na mgeuke nanyi.

Na hapa ndipo ningependa mnielewe kabla hamjaenda kusimama getini. Wageni waliofika kileleni huwakumbuka watu wa mbele. Huwatumia viongozi buti, makoti, kadi za Krismasi, picha za watoto wao. Mimi niliwashusha watu wengi sana, wengine mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia. Siwalaumu. Nani anataka kumkumbuka mtu aliyemwona ameshindwa? Nilimlalamikia Mzee Aminieli, akanijibu, "Ukitaka kushukuriwa, Mkia, kajifunze kupika." Kisha akaongeza, bila kucheka, kwamba ukimwacha mtu akafa, wote wataona, lakini ukimgeuza akapona, hakuna kitakachoonekana. Atasema alikuwa mzima, na wewe huna cha kumwonyesha.

Alinipa na onyo lingine, nikaliona la wazee tu. Usitembee nyuma ya damu yako. Ndugu yako akipanda, mwachie mwenzako mkia.

Sasa niwaambie ya Resti.

Restituta ni binti yangu wa pekee. Wengi wenu mnamfahamu, ni dereva wa watalii pale Karatu, na mnajua wanawake wanaoshika usukani wa magari yale ni wachache. Usukani nilioukimbia mimi, yeye aliukamata. Nilipokuwa mlimani alikua bila mimi, namkuta kila nikirudi amerefuka. Nilimletea hadithi badala ya zawadi. Alipokuwa mdogo alikuwa ananiuliza barafu ni nyeupe kiasi gani, na mimi namwambia nyeupe mpaka macho yanauma, mama, siku moja nitakuonyesha. Kisha narudi zangu Moshi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, ofisi yake iliamua kupeleka madereva sita mlimani kama wageni, waone kwa macho yao, maana walitaka kuanza safari za mlima na mbuga kwa pamoja. Kati ya watakaofika kileleni angechaguliwa mmoja akabidhiwe wageni wa safari hizo. Kazi kubwa, ya heshima. Resti alikuwa mwanamke pekee kati ya sita. Msafara ulikuwa wetu. Ningeweza kukaa pembeni, na onyo la Mzee Aminieli nililikumbuka vizuri, ila yeye alishastaafu, na mimi nilimwomba mwenzangu tubadilishane ili niende. Nilitaka nimwonyeshe ile barafu. Hilo tu. Ahadi ya miaka ishirini.

Usiku wa kuamkia safari alinipigia simu. "Baba, huko tusijuane."

"Kwa nini?"

"Nikifika watasema nimebebwa na baba yangu. Nataka nifike mwenyewe. Tafadhali."

Nilimkubalia. Alikuwa na haki, lakini iliniuma kama kuchomwa mwiba chini ya ukucha. Kwa wenzangu majina yetu ya Kiiraqw yote ni mamoja, hakuna aliyeshtuka. Siku tano nilimwita dada. "Karibu chai ya tangawizi, dada. Umelalaje?" Naye ananiitikia mbele ya wenzake, "Salama. Shikamoo, mzee." Mzee! Nikitembea nyuma yake naona mgongo wa mama yake kabisa, namna ileile ya kupandisha bega moja. Nilimwonyesha mawe, moja baada ya jingine, kama mgeni yeyote. Nilizigeuza chupa zake kichwa chini. Siku tano na mwanangu, hatukuongea neno la nyumbani.

Alikuwa na kikohozi tangu kambi ya mwisho. Tulitoka usiku kama ilivyo desturi, na alfajiri tukafika ukingoni, mahali paitwapo Stella, ambapo kilele unakiona kwa macho na kimebaki mwendo wa polepole tu. Wenzake watano walikuwa mbele na kiongozi. Mmoja wao alitapika njia nzima mpaka nilimhurumia, lakini anakwenda. Nikamwambia Resti anifanyie zile hatua kumi. Ya tisa alitoka nje ya mstari. Kila mtu huyumba pale, hata mimi huyumba. Nikamwacha aendelee.

Tukaenda. Jua likachomoza nyuma yetu, likaupiga ule ukuta wa barafu upande wa kushoto, ukawaka wote. Resti akasimama. Akageuka. Akaita kwa sauti, watu waliokuwa wanashuka wakasikia:

"Baba!"

Halafu kwa lugha yetu, "Baba, tazama, ni nyeupe kama ulivyosema!" Anacheka, machozi yanatiririka, midomo imekuwa ya buluu. Akapiga hatua kunijia na akapepesuka kwenda pembeni.

Wanangu, nimeitwa na watu wengi maishani. Sijawahi kuitwa hivyo. Na papo hapo, kabla hata furaha haijafika mahali pake, kichwa cha Mkia kikaanza kuhesabu. Kikohozi. Hatua ya tisa. Kupepesuka. Na amesahau makubaliano yake mwenyewe, jambo alilolishikilia siku tano. Ningekuwa nimemwona mgeni yeyote hivyo, ningekuwa nimeshageuka naye.

"Tunageuka," nikasema.

"Tunageuka wapi?"

"Tunashuka, mama."

Alidhani natania. "Baba, kibao kile pale. Naona mpaka rangi ya makoti yao. Dakika ishirini."

"Thelathini kwa mwendo wako. Tunashuka."

"Nikishuka, ile kazi basi. Watasema si mliona, mwanamke." Akanishika koti. "Baba, mara moja tu maishani mwako, usiwe Mkia."

Kumbe lile jina alilijua. Nilimshika mkono nikamgeuza. Alikuwa na nguvu za kunisukuma lakini hakunisukuma. Alilia mpaka tulipoanza mteremko.

Saa mbili hivi baadaye tulikuwa kambini, amekaa kwenye jiwe, anakunywa chai, macho yametulia, midomo imerudi rangi yake, anatembea sawasawa. Alipona kwa kushuka. Au hakuwa anaumwa. Hapo ndipo penye mwiba, na hakuna daktari wa kuutoa. Dawa na kipimo ni kitu kimoja, kushuka, na ukishaitumia huwezi tena kujua.

"Nilikuwa siumwi," akaniambia, taratibu, bila hasira. "Nilikuita kwa sababu nilifurahi. Siku nyingine sitafurahi."

Wenzake waliporudi wanaimba, akasimama kuwapokea na kuwapongeza. Ile kazi alipewa yule mtapikaji. Na nyie mlio madereva tayari, mnavyopenda kupeana majina kwenye redio za magari, mkambandika Resti la Stella, kwa kuwa kwa hesabu yenu ndipo alipoishia. "Stella, Stella, uko wapi? Simba wako huku." Najua hapa kwenye benchi yupo aliyeanzisha. Usijifiche nyuma ya kikombe.

Msimu uliofuata niliacha kazi. Si magoti, ingawa ofisini nilisema magoti. Ni kwamba kila nikitaka kusema tunageuka, nilikuwa namwona Resti, na nilianza kufikiri mara mbili. Mtu wa nyuma anayefikiri mara mbili ni hatari kuliko barafu.

Nikarudi Buger. Mke wangu alishatangulia. Nilirudi kwenye nyumba ambayo sikuwahi kuishi humo zaidi ya mwezi kwa mpigo, majirani wananikaribisha kama mgeni. Mahindi na maharage yananitosha, nikichemsha makande ya sufuria moja nayala siku tatu. Nimegundua siwezi kutembea mbele ya watu. Kanisani kwenye foleni ya komunyo nawapisha wote. Msibani, jeneza likienda makaburini, najikuta nyuma ya kina mama wenye watoto wachanga, nahesabu migongo. Nikirudi nyumbani hakuna mgongo wa kuhesabu, basi nakaa hapa kwenye benchi naangalia ukungu unavyopanda kutoka bondeni. Mnapokuja kuniuliza upuuzi wenu wa kileleni, nawafokea, ila msiache kuja.

Resti hakunisusa, si mtoto wa namna hiyo. Alipiga simu kila Jumapili. "Shikamoo mzee. Mbolea imefika? Unakula? Haya, mzee, usiku mwema." Hivyo hivyo. Lile la mlimani, la kutojuana, alilichukua akateremka nalo mpaka nyumbani. Nilikuwa naisubiri Jumapili wiki nzima, na ikifika inamalizika kabla chai haijachemka.

Sasa masika haya, siku ile ya mvua kubwa, alasiri, nikasikia gari linapanda. Ni yeye, peke yake, bila wageni, gari lina tope mpaka madirishani. Akashuka, akakaa hapo hapo ulipokaa wewe. "Shikamoo, mzee." Nikamwekea makande. Alikula nusu sahani ndipo akasema.

Asubuhi alikuwa juu ya kreta, kwenye geti la kushukia, na familia ya wageni wanne. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yao moja tu ya kreta, kesho yake wanarudi kwao. Mvua inanyesha, barabara imekuwa tope. Akakanyaga breki kujaribu, ikashuka chini kidogo kuliko jana. Kidogo tu. Labda ni buti lake lenye tope lililoteleza. Akakanyaga tena, ikawa sawa. Akakaa na ule usukani. Madereva wengine wanampita, mmoja akamwuliza kwenye redio, "Stella, hata kushuka sasa unaogopa?" Wageni nyuma wanauliza kuna nini. Akawaambia tunageuka, akageuza gari.

"Wengine walishuka wote," akaniambia. "Wakapanda wote. Wameona faru."

"Na gari?"

"Nimempelekea fundi Karatu. Amelipima kila mahali, hajaona kitu. Wageni wamelalamika ofisini. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka nitakapoitwa."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akaweka kijiko chini.

"Kule juu ulijuaje kwamba ningekufa?"

Nilikuwa nimejiandalia jibu la swali hilo kwa muda mrefu, lina kikohozi ndani yake, na hatua ya tisa, na busara za Mzee Aminieli. Nikaliweka kando.

"Sikujua," nikamwambia.

"Hata leo?"

"Hata leo sijui, mama. Huenda nilikunyima kazi yako bure. Sitajua mpaka naingia kaburini."

Alinitazama. Sikuona hasira. Nilimwona mtu aliyeshika usukani kwenye mvua, na gari zinampita. Akavuta sahani, akamaliza makande yote, akakwangua na ukoko. Kisha akasema giza litamkuta kwenye tope, akasimama, akatoka.

Nilibaki mlangoni. Akavuka uwanja, akafika kwenye gari, akafungua mlango. Akasimama. Akageuka.

"Baba!"

Na mimi, Mungu anisamehe, kazi haimtoki mtu, niliitazama miguu yake kwanza. Alikuwa amesimama kwenye utelezi wa tope, wima, hapepesuki hata kidogo. Ndipo nikaitika.